Nyanya za Tshiela, Gramu Ishirini

Kituo cha Polisi, Kolwezi. Tarehe 9 Julai 1957, saa nane mchana.

Jina: Kazadi Séraphin. Umri: miaka 34. Kazi: mpimaji wa mawe, maabara ya mgodi. Makao: kambi ya wafanyakazi, Dilala.

Leo saa tatu asubuhi niliambiwa kazini kwamba mke wangu, Tshiela, amekamatwa sokoni. Mbuyu, mtunza bustani wa Mzungu mmoja, amedai nyanya alizouza ziliibwa kwa bwana wake, eti kambini hakuna anayelima nyanya za ukubwa ule. Yupo. Ni mke wangu.

Mnamo Septemba mwaka jana tulikuwa na nyanya za aina mbili uani: kubwa ya gramu mia moja na ndogo ya gramu nne. Tshiela alifungua maua machanga ya ile kubwa, akatoa sehemu zenye unga, akayapaka unga wa maua ya ile ndogo. Kila ua alilifunga uzi mwekundu. Majirani walisema ni dawa.

Tarehe 3 Februari alipanda mbegu za matunda yaliyotoka kwenye maua hayo. Nilimwambia matunda yatakuwa ya katikati kabisa, gramu hamsini na mbili. Mimi ndiye niliyesoma. Akanijibu, "Hapana, tata. Ile ya kidogo itaongezeka mara tano, ni makumi mbili. Makumi mbili mara tano tena, ni ile ya mukubwa." Niliandika namba zote mbili kwenye karatasi, na tarehe, katekista Mulumba akatia sahihi. Nilitaka ushahidi wa kumcheka.

Mwezi wa Juni nilipima nyanya kumi za kwanza. Gramu ishirini kila moja, kwa wastani. Niliificha karatasi ndani ya Biblia, asiione.

Leo nimeileta mwenyewe. Koplo amesema namba yangu inaweza kuachwa, nisiaibike. Nimekataa. Iandikwe: Kazadi hamsini na mbili, Tshiela ishirini. Najivunia mwanamke huyu, na nilichelewa kumwambia.

Nimesomewa haya, ni maneno yangu, sipunguzi hata moja.

(Sahihi) Kazadi S.

Maandishi ya afisa: Saa tisa u nusu nimefika uani kwa shahidi. Mimea minane ya nyanya, yote ina matunda. Nimepima sita: gramu 19, 21, 20, 20, 22, 18, sawa na zile zilizokamatwa sokoni. Tshiela ameachiliwa saa kumi na moja. Nyanya zake amewaachia askari. Ameomba tu ile karatasi ya namba mbili. Amepewa.

Koplo Mwenze