Fundo la Salumu

Jumatatu, 11 Mei
Nimefagia ua tena. Ukikaa eda unafagia hata pasipo na jani. Mvua tangu alfajiri.
Mwanahawa, jirani yangu, kapita akitoka kwenye mwani. Anasema boti yetu ipo palepale, kwenye boya. Shemeji Jumaa huenda kila asubuhi kuitoa maji ya mvua, kisha anarudi zake. Haijatoka tangu mume wangu afariki. Salumu aliifunga kwa mkono wake, akaja nyumbani, akasema kifua kinambana. Basi.

Jumatano, 13 Mei
Nimeota tunarudi na mwani. Yeye nyuma kwenye mashine, mimi mbele. Tunalifuata boya kwa kuukabili mkondo, polepole. Nikiinua mkono wa kushoto, anazima. Boti inateleza yenyewe, nainama, naikamata kamba. Miaka yote hatukuhitaji kusemezana.
Nimeamka mkono uko juu. Nimejicheka, halafu nimelia.

Ijumaa, 15 Mei
Mama mkwe anasema mwezi umekwisha, bamvua linakuja, na kusi limeshaanza kuvuma. Maji makubwa na upepo pamoja.
Nimeikumbuka kamba. Imelika pale inapopita kwenye pete ya boya. Tuliiona sote wawili. Salumu alisema ataibadilisha Idi ikipita. Idi ikapita, yeye hakumaliza wiki. Kamba mpya ipo chini ya kitanda.
Nimemtuma Mwanahawa kwa Jumaa. Jibu: fundo la kaka yake haligusi.
Nimekasirika. Kisha nimemwelewa, na hilo limeniuma zaidi. Hata mimi nilitaka libaki. Lakini boti ikivunjikia kwenye mikoko, mwani nitaubeba kichwani, na nyumba hii itakula nini?

Jumamosi, 16 Mei
Mama mkwe kamwita Jumaa mwenyewe. Kakaa nje ya pazia la mlango, mimi ndani.
"Shemeji, kaka aliifunga vizuri."
"Aliifunga vizuri. Kamba ndiyo imechoka. Ikate."
Kisha akasema hajui kufunga kama kaka yake. Kweli hajui. Anafunga boti kama mbuzi wa Idi.
Nikachukua mchi, nikaufunga kamba mpya: mizunguko miwili, kisha kitanzi. Nikausukuma chini ya pazia. Akafungua, akafunga yeye, akaurudisha. Nikavuta, fundo likaachia. Tena. Tena. Mama mkwe kati yetu, na tasbihi yake. Mwisho nikavuta kwa nguvu zangu zote, likakaa.
Nikamwambia aiache kamba ndefu, maji yatapanda sana.
"Ndiyo, shemeji."
Sauti ilikuwa ya Salumu kabisa. Nimeingia chumbani.

Jumapili, 17 Mei
Sikulala. Upepo ulipiga mabati mpaka asubuhi, na mimi nimefungiwa humu, siwezi hata kwenda kuchungulia ufukweni.
Boti mbili za watu zimekutwa kwenye mikoko, moja imepasuka ubavu. Yetu ipo.
Jumaa kaja, kapitisha kipande cha kamba kuukuu chini ya pazia. Fundo bado limo. Pembeni yake zimebaki nyuzi chache tu. Zisingeumaliza usiku ule.
Nimeliweka kashani, pamoja na kofia za Salumu. Sitalifungua.

Jumapili, 9 Agosti
Eda imekwisha. Mama mkwe kanipa kanga mpya. Rangi yake imenionea haya, au mimi nimeionea haya, sijui.
Leo nimekwenda kwenye mwani. Jumaa kwenye mashine, Mwanahawa katikati na magunia, mimi mbele. Bahari shwari. Mwani umeota vizuri, mwingine umeng'oka.
Wakati wa kurudi nimeliona boya. Nikainua mkono wa kushoto.
Mashine haikuzimwa. Tukalipita boya. Jumaa akauliza, "Vipi, shemeji?" Sikugeuka. Machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone. Mwanahawa akaangalia magunia yake.
Kisha nikamwambia: nikiinua mkono, zima.
Tumezunguka, tukaukabili mkondo upya. Nimeinua mkono, akazima. Nimeikamata kamba.