Goti la Mshambuliaji wa Faroe

Durban, Jumatatu

Kwa Baba yangu mpendwa, Mwalimu Vénérand, Uvira,

Nakusalimu kwa heshima kubwa na kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, tena umekula. Mama mkubwa je, mgongo umempa nafuu? Na dada Henriette, anaendelea na cherehani yake? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo hauna amani tangu Ijumaa, Henriette aliponipigia kunieleza kwamba ulianguka kanisani katikati ya maombi.

Utashangaa kuona nimeandika Durban hapo juu, wakati unajua mwanao yuko Ulaya. Soma polepole, Baba. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba barua husomwa mpaka mwisho, ndipo mtu akasirike. Ningekupigia, lakini simu yako huwa kwenye spika na chumba kimejaa watu wa maombi, na haya siwezi kuyasema mbele ya Mama Benedicta na kwaya yake yote.

Kwanza acha nikueleze maisha ya mtu mmoja. Anaitwa Sjúrður Lamhauge. Mpaka leo sijui jina hilo linatamkwaje. Ni mshambuliaji, mzaliwa wa visiwa vya Faroe, huko kaskazini ambako kondoo ni wengi kuliko watu. Baba yake alifanya kazi ya samaki. Mwenyewe ni seremala: mchana anapiga misumari, jioni anacheza mpira, maana kule wachezaji wengi wana kazi nyingine. Miaka sita iliyopita alitoka timu ya kijijini kwao akaingia klabu kubwa zaidi, na msimu wa kwanza akafunga mabao kumi na moja. Akachukuliwa na klabu ya Denmark, akakalia benchi mwaka mzima, akarudi kwao ameinamisha kichwa. Mwaka juzi alivaa jezi ya taifa, akafunga kwa kichwa dakika ya themanini na nane, mvua ikimpiga ubavuni. Mwezi wa tatu mwaka huu akaumia goti la kushoto.

Najua hapa umevua miwani. Mabao hayo kumi na moja uliyashangilia wewe. Kwa lile la kichwa ulichinja jogoo, ukasimama kanisani ukasema Bwana amemwinua mwana wa mwalimu. Na habari za Denmark ulizililia, kisha ukaniambia kwamba benchi nalo ni kiti, mtu hukalia akisubiri kuitwa.

Baba, mimi sijawahi kukanyaga Faroe. Nilipofika hapa Durban klabu moja ilinijaribu siku mbili, kocha akanishukuru kwa upole na kuniambia miguu yangu ni mizito kwa ligi. Nikapata kazi Mobeni, mtaa wa viwanda, kwenye ghala la baridi, kupanga makatoni ya samaki wa kugandishwa. Siku moja ulipiga simu nikiwa kazini, spika imewashwa kama kawaida, nikasikia watu wanauliza Peguy amesajiliwa wapi. Kwenye katoni iliyokuwa mbele yangu paliandikwa jina la nchi walikotoka wale samaki. Nikalisoma kwa sauti: Faroe. Mkapiga vigelegele, nami nikakosa nguvu ya kuwanyamazisha. Kesho yake nikatafuta kwenye simu ni mshambuliaji gani wa huko mwenye umri wangu, nikampata huyo. Tangu hapo kila akicheza nasubiri matokeo ili nijue nimefanya nini.

Picha uliyoitundika sebuleni, nimevaa koti zito na mvuke unanitoka mdomoni, si majira ya baridi ya Ulaya. Ni ndani ya ghala. Aliyeipiga ni Alain, mwenzangu wa kazi, mtu wa Bukavu. Nilipohangaika kutafuta pembe isiyo na makatoni alicheka, akasema eish, ndugu, kule baridi iko, hapa baridi iko, simama tu.

Halafu goti lile likaumia, nami nikakwambia limeumia, kwa mazoea tu. Ukatangaza mfungo wa Jumatano na Ijumaa mpaka mwanao asimame tena uwanjani. Wewe, mwenye ugonjwa wa sukari! Henriette alinieleza tangu wiki ya kwanza. Nilijua, Baba, nikanyamaza miezi mitano. Na aibu iliyo kubwa kuliko zote ni hii: nilipenda. Kila Ijumaa nilisimama kwenye baridi ile nikijua kuna mtu ana njaa kwa ajili yangu, na nilijisikia mtoto wa mtu.

Jana Sjúrður alirudi uwanjani, akafunga. Niliandika ujumbe kwamba nimepona, kidole kikawa tayari kuutuma. Ungekula siku hiyohiyo na mambo yangekwisha. Lakini nakujua. Jumapili ijayo ungepanda madhabahuni kutoa ushuhuda wa uponyaji, mzee wa kanisa mzima, ukamtaja Mungu juu ya goti langu. Kukudanganya nimekudanganya, ila kukufanya wewe nawe useme uongo mbele za Mungu bila kujua, hapo nilishindwa. Nikaufuta.

Henriette nimemweleza yote. Alilia, akanitukana kwa lugha ya nyumbani, kisha akasema atakupa uji kwanza, ndipo akukabidhi barua. Anayeileta ni Odette, anayefanya kazi saluni hapa Durban, yule niliyekuwa nikikwambia ni jirani yangu wa Ulaya. Anasafiri kesho. Mpokee vizuri, yeye hana kosa.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba ule. Kama ni kunikataa, nikatae ukiwa umeshiba.

Nisalimie Mama mkubwa na majirani wote, na kwaya pia kama jina langu bado litatamkika kinywani mwako. Na huyo Sjúrður usimkasirikie. Hajui hata kama upo, na miezi mitano umelala njaa kwa ajili yake.

Ni mimi mwanao,

Peguy, ambaye magoti yake yote mawili ni mazima.