Shikamoo Isiyoitikiwa

Sumbawanga,
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na ya Mama mpelekee huko jikoni, maana najua barua hii unaisomea barazani na yeye kila baada ya mstari anauliza, "Anasemaje?" Mwambie anasema hajambo. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Rangwi? Goti la Mama je, bado linafika kanisani bila kunung'unika? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, Baba. Nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Naandika kwa sababu simu ya juzi ilikatika ukiwa umekasirika. Ulisema, "Mtoto wangu mimi amwache mtu mzima barabarani?" kisha mtandao ukapotea, na nilipopiga tena hukupokea. Mama akaniambia umekwenda shamba. Shamba gani usiku, Baba? Basi nimeona nikuandikie, maana barua huwezi kuikatiza.

Unajua kazi yangu huku ni kuendesha pikapu ya ofisi ya mifugo, kupeleka chanjo za kuku vijijini. Chanjo zinakaa kwenye boksi la barafu, na barafu haisubiri mtu. Siku ile nilikuwa peke yangu, mwenzangu anaumwa. Jua lilikuwa bado juu. Katikati ya pori, pasipo nyumba wala genge, gari dogo jeupe likanijia nyuma, likawasha taa, likazima, likawasha tena. Halikuwa na maandishi ubavuni, wala king'ora.

Unajua mguu wangu ulifanya nini. Ulikanyaga breki kabla sijafikiri. Wewe ndiye uliyeufundisha, kwenye kona za Soni, ndani ya pikapu ya Mjomba iliyojaa kabichi: mtu akikuwashia taa nyuma, simama, huenda ana mgonjwa, huenda amebeba habari. Habari ya kifo cha Bibi ilikufikia hivyo hivyo, kwa taa za mtu aliyekufuata kutoka Mombo. Kwetu asiyesimama anaonekana hana utu.

Nikasimama. Wakashuka wanaume wawili waliovaa kiraia, mmoja kijana, mwingine mtu wa umri wako, mvi kichwa kizima. Nami nikafungua mlango nishuke, maana nitamwamkiaje mtu mzima nikiwa nimekaa? Mguu mmoja ulikuwa tayari nje. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Alisema, "Shuka. Lete funguo."

Baba, hata yule jirani yetu mnayegombania naye mpaka wa shamba huniitikia marahaba kwanza, ndipo aanze kututukana. Huyu hakuitikia kabisa, na mwili wote ukaniambia rudi ndani. Yule kijana alikuwa keshazunguka upande wa pili anajaribu kitasa. Nikaurudisha mguu, nikafunga milango, nikashusha kioo kiasi cha sauti kupita. Mikono nikaiweka juu ya usukani waione.

"Samahani mzee, nyie ni akina nani?"

"Polisi."

"Naomba nione kitambulisho."

Akapitisha kitu mbele ya kioo kama mtu anayefukuza nzi, akakirudisha mfukoni.

"Sikatai kukaguliwa, mzee wangu," nikamwambia. "Ila niko peke yangu na hapa hapana watu. Tuongozane hadi kituo cha polisi cha hapo mbele. Nitawasha taa za hazadi, nitakwenda polepole."

"Nimesema shuka!"

Nikampigia bosi wangu, nikaiweka simu kitini ikiwa na sauti kubwa, nikamwambia niko wapi na gari lao likoje. Kisha nikaondoka mwendo wa ng'ombe, taa zote zinamwekamweka, wao nyuma yangu na honi njia nzima. Nilisali Salamu Maria, nikikosea katikati naanza upya.

Walikuwa polisi kweli. Walikuwa wanatafuta pikapu iliyoibwa, inayofanana na yangu. Tulipofika kituoni yule mzee alikuwa anafoka, "Huyu alisimama, halafu akakimbia!" Nikakalishwa kwenye benchi hadi jua likaanza kuzama, barafu ikiyeyuka nje ndani ya gari. Chanjo zote zikaharibika. Kijijini kina mama walikuwa wananisubiri na kuku wao wamefungwa miguu, na niliambiwa baadaye kwamba walikaa hadi jioni. Hilo linaniuma kuliko honi na kelele zote.

Aliyenitoa ni mama mmoja askari wa pale kaunta. Alisikiliza pande zote bila kupandisha sauti, akamgeukia yule mzee. "Afande, gari halina alama, sare hukuvaa, kitambulisho hukumpa nafasi akisome. Angekuwa binti yako, ungemwambia ashuke?" Kisha yule mama akanigeukia mimi. "Na wewe dada, kosa lako ni kusimama kule. Ukisimama halafu ukaondoka, lazima wafikiri unakimbia. Siku nyingine washa hazadi, punguza mwendo, toa mkono uwaonyeshe mbele, nenda penye watu ndipo usimame. Usikimbie, na usishuke kabla hujasoma jina kwenye kitambulisho."

Niliporudishiwa funguo, yule mzee akanifuata hadi kwenye gari. Nikajua sasa natukanwa.

"Marahaba," akasema.

Nikaacha kufungua mlango, nikamgeukia.

"Ile ya kule njiani. Marahaba, mwanangu."

Nikalia, Baba. Porini sikulia, nikalia pale.

Kwa hiyo sikumwacha mtu mzima barabarani. Nilimwongoza. Najua utasema, "Si umeona walikuwa polisi?" Ndiyo, lakini ningejuaje? Aliyesimama akakuta si polisi hapati nafasi ya kupiga simu nyumbani kueleza.

Mama ananiambia sasa unamfundisha Restituta kwenye pikapu ile ile, ili aanze kushusha mboga Mombo peke yake. Mfundishe mdogo wangu yote: kumpisha anayepanda na mzigo, kupiga honi kwenye kona, kutoshindana na tope. Lakini lile la kumsimamia kila mwenye taa, nakuomba umwongezee maneno mawili, penye watu. Heshima haipungui kwa kusogea mbele kidogo. Hata huko kwetu siku hizi si kila gari linalopanda Soni unamjua mwenyewe.

Nisalimie Mjomba Hilari mwenye pikapu, na shangazi yangu wa Bungu, mwambie peasi zake nimeziota. Msalimie katekista wetu. Hata yule jirani wa mpakani mpe yangu, ataitikia.

Krismasi naja. Restituta atanipokea Mombo na pikapu ya Mjomba, na nimemwambia usukani aushike yeye. Wewe ukiwa nyuma unaendesha gari la misheni, ukatuona na kutuwashia taa kwa furaha, hatutasimama. Tutawasha hazadi, twende polepole hadi sokoni Soni. Usikasirike, Baba. Tufuate tu. Tukifika penye watu nitashuka, nikuamkie nikiwa nimesimama.

Mwanao akupendaye hata ukikimbilia shamba usiku,
Yustina