Chupa ya Pampu

Jumatatu, 7 Oktoba 2019

Mvua: manyunyu ya asubuhi, basi.

Marehemu mume wangu Evaristo alitumia daftari hili kuandikia mvua tu. Mimi naendelea na mvua — na mengine, maana nisipoyatapika hapa nitayatapika mezani.

Wamefika. Mwanangu Faiber na huyo mke wake wa Bogotá, Ximena. Mabegi manne. Moja la nguo, matatu ya vyombo vya kahawa! Unakuja kwa watu wanaolima kahawa tangu enzi za babu, umebeba vyombo vya kahawa. Mashauzi gani haya?

Ximena kafungua begi juu ya meza yangu. Mizani ndogo ya sonara. Kipimajoto. Kinu cha mkono. Halafu akatoa kwa mikono miwili, kama anatoa mtoto mchanga, chupa ya kioo yenye mpini, na juu yake kifimbo chenye chujio la kusukuma chini. Pampu ya baiskeli! Nikamwambia hivyo hivyo. Faiber akacheka. Yeye akasema kwa sauti ya upole, ni ya kutengenezea kahawa, Mama. Mama! Nimemzaa lini?

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua: hakuna.

Leo nimefundishwa kupika kahawa. Mimi. Deyanira, miaka sitini na tatu, mikono hii imechuma kahawa kabla mama yake Ximena hajazaliwa.

Kwanza anasaga mbegu chenga chenga, kama chumvi ya mawe. Nikamwambia hiyo hujaisaga, umeitafuna. Eti ikiwa unga inapenya kwenye chujio na kuacha tope na uchungu. Haya. Kisha anasuuza birika langu la bati. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu! Kwani ndani kulikuwa na maiti? Maji yakichemka anayaepua, anayaacha nusu dakika yapoe. Kuni zangu zimeyachemsha, yeye anayapooza! Kahawa gramu thelathini, maji nusu lita, anamimina — halafu anakaa. Dakika nne, macho kwenye saa. Mwanamke mzima. Ndoo zote tupu, kuku hawajala, yeye anaitazama chupa. Kisha anavunja povu la juu kwa kijiko, anasukuma ile pampu taratiiibu, anamimina yote vikombeni kwa mkupuo. Eti ikibaki chupani inaendelea kujipika yenyewe.

Na sukari? Hakuna! Kahawa chungu!

Katika nyumba hii maji ya kahawa ni maji ya sukari guru, tangu bibi yangu. Unapasua kipande, unakitia birikani, kikishayeyuka ndipo kahawa inaingia, unachuja kwa kitambaa. Kumpa mtu kahawa chungu ni kumwambia ondoka usirudi. Nikasukuma kikombe pembeni bila kuonja.

Jingine. Kayakataa makapi. Sisi mbegu nzuri tunauza. Zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu tunakunywa. Ndivyo ilivyo katika kila jiko la kilima hiki. Yeye kachota mbegu safi za kuuza, kazikaanga zikawa rangi ya udongo tu, mbichi kabisa, halafu ananiuliza: Mama, umewahi kuonja kahawa yenu wenyewe?

Kwani miaka yote hii nimekuwa nikinywa nini, mkojo wa punda?

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua: kubwa, kuanzia saa nane mchana.

Faiber kaniambia leo wakati tunakula arepa za mahindi. Kasema haraka haraka, macho kwenye sahani, kama baba yake alivyokuwa akifanya kwa habari mbaya.

Jirani yetu don Gentil analitaka shamba. Lote. Ang'oe kahawa apande parachichi. Na Faiber amechoka na bei ya ghala la mjini, anasema kulima hivi ni kujiua polepole. Limebaki tumaini moja. Yuko mnunuzi kule Pitalito, don Olmedo, anayechukua kahawa nzuri tu kwa bei ya maana, na kwanza huja kuionja nyumbani kwa mkulima mwenyewe. Ximena kamwandikia. Anakuja Jumatano. Akiikubali, wanabaki, na Faiber anashika shamba. Akiikataa, wao Bogotá na shamba kwa don Gentil.

Parachichi! Evaristo atafufuka.

Nikasema, ninyi ni watu wazima, fanyeni mtakavyo. Kisha nikaenda nyuma ya banda nikijifanya natafuta vitunguu, nikalia. Nataka mwanangu abaki. Naliandika hapa kwa sababu yeye sitamwambia.

Na maisha yetu yote yamewekwa kwenye pampu ya baiskeli.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua: hakuna.

Baada ya misa doña Saturia kanivuta mkono: shoga, ni kweli mkweo anapika kahawa kwa saa? Kilima kizima kinajua. Nikamwambia, na kipimajoto. Tulicheka mpaka padri akageuka kututazama.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua: kidogo, jioni. Sijui. Sikuangalia.

Niandike kama ilivyokuwa.

Don Olmedo kafika saa nne asubuhi. Mtu mnene, kofia safi, sauti ya chini. Nilikuwa nimeoka biskuti za achira, ule unga wa mizizi, nimetandika kitambaa cha harusi yangu. Faiber kavaa shati la baba yake. Ximena hakula tangu jana; kasuuza birika lile mara zake tatu, kabandika maji. Kisha don Olmedo akaomba kuona uwanja wa kuanikia. Wakatoka wote. Ximena akanigeukia mlangoni: Mama, tafadhali, niangalizie maji tu.

Nikayaangalia.

Nikawaza: huyu mtoto atampa mgeni kahawa chungu. Mgeni aliyetoka Pitalito! Mgeni ambaye mwanangu anamngoja kama anavyongojwa daktari! Atakunja uso, ataondoka, na mimi nitabaki na parachichi. Kwa ajili ya ujuaji wa msichana mmoja asiyejua kukaribisha mtu. Nikapasua sukari guru kipande cha vidole viwili, nikakitumbukiza. Birika lenyewe ndani jeusi, nani angeona? Kikayeyuka. Nikakaa, nikakunja mikono, nikajisifu kabisa. Nikasema moyoni, Deyanira, umewaokoa wajinga hawa.

Ximena karudi mbio, kamimina, kangoja dakika zake nne, kasukuma. Tukatoka barazani.

Don Olmedo hanywi kama watu. Anachota kwa kijiko, anavuta kwa kelele mpaka mbwa wanaamka. Akavuta. Akasimama. Akavuta tena. Mimi nilishaanza kutabasamu.

Akaweka kijiko chini. Binti, akasema, umetia sukari?

Ximena akasema hapana.

Hujatia?

Naapa, don Olmedo.

Akasema — nayakumbuka yote — miaka ishirini nazunguka milima hii, mtu hutia utamu pale ambapo kuna kitu cha kuficha. Kahawa mbaya naisamehe, mwaka mmoja ni mbaya, mwingine mzuri. Kudanganywa usoni sisamehe. Akachukua kofia yake. Biskuti hata moja hakugusa.

Ximena akaonja. Uso ukamgeuka majivu. Akainua macho, akanitazama mimi. Mara moja tu. Kisha Faiber akamfokea, sijawahi kumsikia akifoka hivyo: sukari imetoka wapi, Ximena? Imetoka wapi?

Naye akajibu polepole: kosa langu, sikusuuza birika, lilibaki na sukari ya jana.

Nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru! Nikasema moyoni, si amesema mwenyewe? Nikabeba vikombe nikaenda kuviosha.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua: nzito, usiku kucha hadi asubuhi.

Wameteremka mjini kutafuta gari la Jumamosi. Nimebaki na kuku. Na ile chupa, imesimama mezani inanitazama, na mkebe wa zile mbegu zake.

Nikasema ngoja niujue ujinga wenyewe kwa undani. Mradi hakuna wa kuniona. Nikasaga chenga chenga. Nikachukua birika nisuuze, maana kama ni kuigiza, niigize yote. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu mkono ukasimama.

Alisuuza! Alisuuza mbele ya macho yangu, mara tatu, jana kama siku zote, nami nikabetua mdomo. Anajua. Alijua tangu alipoonja. Angeweza kunyoosha kidole, kimoja tu, na mwanangu asingenisamehe mpaka kaburini. Akachagua kuitwa mwongo na mzembe barazani kwangu, mbele ya mgeni, mbele ya mumewe.

Nikabandika maji, nikaketi hapo jikoni mpaka yakapungua nusu.

Nikapika. Dakika nne kwa saa ya Evaristo. Ni ndefu hizo! Nikasukuma. Nikamimina, nikafumba macho kama anayekunywa dawa.

Haikuwa chungu. Ilikuwa na ladha ya ganda la chenza, ile michenza aliyoipanda Evaristo kati ya mistari nami nikamgombeza kwamba anapoteza nafasi. Na utamu wake wenyewe, wa mbali, nyuma ya ulimi. Sikutia kitu. Nimekunywa kikombe kizima.

Miaka arobaini na mmoja tulilima pamoja. Evaristo kafa bila kuionja. Tuliichuma, tukaiosha, tukaianika, tukaifunga kwenye magunia, wakaenda kuinywa wengine, sisi tukalamba makapi na kuyafunika kwa sukari. Nani alitwambia tufanye hivyo? Hakuna aliyetulazimisha! Nilikasirika nikaipiga meza, chupa ikaruka, nikaidaka. Ingevunjika ningefanyaje?

Nimeiosha, nimeirudisha palepale, mpini ukielekea dirishani kama alivyouacha.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua: hakuna.

Wanafunga mizigo. Hawasemezani.

Nimefungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikasema arepa zinapoa. Mara ya pili nikasema kesho itanyesha.

Kubwa jinga, mimi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Naandika jikoni, haraka, maana nina dakika nne tu.

Asubuhi na mapema nilimwona don Olmedo akipita na jipi yake kwenda kuonja kwa mtu huko juu. Nikateremka hadi barabarani na aproni yangu, nikasimama katikati ya njia alipokuwa akirudi. Alipiga honi! Nikabaki nimesimama. Nikamwambia, rudi unywe tena. Akasema, doña, nilishakunywa kwako. Nikamwambia, hukunywa. Akanikazia macho. Akasema nitarudi kwa sharti moja: aliyetia sukari aniambie mwenyewe, mbele ya watu wa nyumba yako. Nikasema utaambiwa ukishakaa.

Amekaa. Barazani, kofia magotini. Faiber yupo naye, hajui mbele wala nyuma, mabegi manne yamepangwa mlangoni, gari lao linakuja saa nne.

Maji nimeyapooza nusu dakika. Nimemimina. Imepita dakika moja.

Kipande cha sukari guru kiko palepale kwenye rafu. Mkono wa kulia umeshika kalamu. Wa kushoto nimeukalia, siuamini.

Nifikirie maneno. Ni mimi, don Olmedo. Fupi, basi. Lakini uso wa Faiber nitauweka wapi? Atauliza, Mama, kwa nini ulinyamaza siku tatu? Na hilo sina jibu lake ila lile baya: nilifurahi kumwona mkewe akiaibika. Kidogo. Hapana, si kidogo.

Dakika mbili na nusu.

Ximena kaingia sasa hivi. Begi begani. Kaona chupa, kaona saa ya Evaristo, kainamia birika akalinusa. Akavuta kigoda akaketi karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini ili wa nje wasisikie: Mama, acha. Nitawaambia nilitia mimi. Mimi ninaondoka, wewe unabaki na mwanao.

Nikamwambia nyamaza, mtoto wewe, unanipotezea hesabu.

Tatu na nusu. Povu limepanda. Ximena kaninyooshea kijiko nilivunje.

Faiber anaita kutoka barazani: Mama, mgeni anauliza, aliyetia sukari ni nani —