Risasi ya Ubavuni

Alunguli, Kindu

Kaka Mbaraka,

Huku tuko wazima, mihogo imekomaa. Nimepasuliwa ubavu, nimepona.

Unakumbuka wakati wa vita, bunduki zinalia, nikaangukia chuma ya reli? Uvimbe ulipotokea ubavuni, wote tulisema risasi iko ndani. Wewe ukasema ilikuwa inakutafuta wewe, ukahama Kindu kwa aibu.

Munganga wa hospitali aliniambia nikohoe, uvimbe ukatoka. Nikalala, ukarudi ndani. Akasema: «Mama, risasi hairudi ndani mutu akilala. Hii njo ngiri ya ubavuni, wengi hawaijui. Utumbo unapenya mahali nyama imeachana.» Akashona pale.

Basi kaka, risasi yako sikuibeba. Ninayemubeba sasa mugongoni ni mujukuu wetu. Ni muzito, njoo unipokee.

Mudogo wako,
Mwavita