Hatua Ishirini na Nane

Kilosa, 9 Februari 1971

Mwanangu Perpetua,

Salamu nyingi. Mimi na mama yako miili ni mizima. Ya rohoni sisemi. Hujambo huko Mikumi, na wanafunzi wako je?

Juzi troli langu la mkonge limemvunja mguu mwenzangu Nikolaus. Alikuwa relini akifunga mzigo wa troli la mbele, hatua ishirini kutoka kwenye nguzo ninapoanza kukaza breki siku zote. Nilikaza pale pale. Miaka kumi na mmoja troli hilo husimama hatua ya kumi na tano. Safari hii lilimfikia.

Meneja ameandika kuwa ni uzembe wangu, anataka nitie saini. Nikolaus naye ameamini. Nilipokwenda hospitali aligeukia ukutani. Wanatuambia shamba ni letu sote tangu litaifishwe. Mbona uzembe ni wangu peke yangu?

Baba yako,
Lukasi

Mikumi, 14 Februari 1971

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, ila barua yako imeninyima usingizi. Mpe pole Nikolaus, hata akikataa kuipokea.

Usitie saini. Nijibu tu: siku ile mlipakia matita mangapi?

Binti yako,
Perpetua

Kilosa, 20 Februari 1971

Marahaba mwanangu,

Tuko salama. Arobaini. Zamani yalikuwa ishirini. Meneja aliamuru tuongeze asubuhi ile ile, kwa kuwa mashine ilikuwa inasubiri majani. Lakini mwendo wa troli ulikuwa ule ule, na breki niliikaza kwa nguvu zangu zote.

Baba yako

Mikumi, 26 Februari 1971

Shikamoo baba,

Natumaini mama hajambo. Ninaandika kwa hasira, unisamehe mwandiko.

Kitu kinachokwenda hakisimamishwi na nguvu peke yake, bali na nguvu pamoja na muda wa kukishika. Mzigo ukiwa mara mbili, mwendo ule ule, mkono ule ule, unahitaji karibu muda mara mbili, na njia ndefu mara mbili. Hata ungekuwa na mikono ya chuma, breki ile isingekutosha. Pakieni arobaini, pasiwe na mtu relini, mhesabu hatua mbele ya watu. Naamini litasimama karibu na thelathini.

Aliyeandika uzembe ndiye aliyeongeza mzigo.

Binti yako

Kilosa, 2 Aprili 1971

Marahaba Perpetua,

Mama yako anakusalimu. Nimechelewa kwa sababu ilibidi tumngoje Nikolaus atoke hospitali. Alikuja na magongo, akahesabu yeye mwenyewe kwa sauti mbele ya kamati ya wafanyakazi. Ishirini na nane. Kisha akanipa mkono. "Nilikuonea, Lukasi," akasema.

Meneja alisema fizikia ya mwalimu wa shule haiendeshi shamba. Hata hivyo kesho yake mzigo ulirudi matita ishirini, bila mtu kueleza kwa nini. Karatasi ya uzembe hakuichana. Akanipa siku tatu niitie saini. Sikutia.

Jumatatu niliitwa ofisini kuchukua barua ya kufukuzwa kazi. Ilikuwa imepigwa mhuri, na mahali pa sababu palikuwa wazi. Nikaketi, nikamwambia karani sitoki mpaka aandike sababu. Akachukua kalamu.

"Mzee Lukasi," akaniuliza, "sasa niandike nini?"

Baba yako