Mizizi ya Kiangazi

Tarehe 9 Machi, mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba shemeji bado anakoroma kama kawaida yake. Mimi ni mzima, ila nikipanda ngazi za hapa napumzika mara mbili.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema wagonjwa wameanza kurudi kwenye kibaraza cha marehemu baba, na ule mti wa dawa, mchungu, ulioupanda upya kando ya uzio umefika kiunoni. Lakini baba mdogo anawafukuza, eti wangoje nirudi mimi, mzaliwa wa kwanza, kwa kuwa dawa haikubali mkono wa mwanamke. Nawe ukamwuliza mbona jipu lake lilikubali. Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Unakumbuka baba alivyoutambua mchungu wakati wa kiangazi, ukiwa hauna jani hata moja: alikwangua gome kwa ukucha, akanusa. Alisema hapo uzioni kuna kichaka kingine kinachofanana nao kama pacha, nacho ni sumu. Wewe ulikuwa na miaka kumi tu na hukuwahi kukosea. Mimi nilikuwa msomi. Nilichora vichaka vyote kwenye daftari na kuvipa namba, kuanzia langoni.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mizizi iliyomdhuru yule fundi cherehani jirani yetu, iliyomwacha na mikono ya kutetemeka asiweze tena kutunga uzi kwenye sindano, niliichimba mimi. Baba alinituma. Kichaka kimoja kilikuwa kimekufa na kung'olewa, hesabu ikasogea, na mimi nikafuata daftari. Sikukwangua wala sikunusa. Baba aliniamini, akaitwanga bila kuikagua. Baadaye aliokota vipande vilivyobaki, akavinusa, akanitazama. Kisha alitoka nje, akawaambia watu kuwa macho yake yamezeeka. Wagonjwa wakamkimbia, nami nikafunga begi mwezi uleule.

Wasomee ndugu wote barua hii, baba mdogo akiwa amekaa mbele. Kosa halikuwa la baba. Na kazi yake ni yako. Mimi niliye mkubwa nimeamua hivyo. Binti wa fundi nimemwandikia pia. Akija kukutukana, mpe kiti umsikilize mpaka amalize.

Usinisihi tena nirudi. Nikikanyaga hapo tu, watanijia mimi kwa sababu ya ndevu zangu, na wewe unayejua kunusa utarudishwa jikoni kuchemsha maji. Hilo nisingelivumilia mara ya pili: mwenye ujuzi kupoteza jina kwa ajili yangu.

Wabusu wajukuu. Mwambie shemeji namsalimu sana, na alalie ubavu.

Sitarudi.

Kaka yako